Kichwa cha Kukaa Mbele

Jumapili ile Mama Mvuke hakutaka msaada wa mtu, hakutaka maoni ya mtu, na zaidi ya yote hakutaka kuulizwa swali. Alitaka beseni la maji, chanuo la meno mapana, na nyumba itulie mpaka nywele zake zikauke. Haya si mambo makubwa. Kuna watu wanaomba wapewe nchi nzima waitawale, na wanapewa. Yeye aliomba aachwe na kichwa chake mwenyewe kwa siku moja, na nyumba nzima ikamjia juu kana kwamba ametangaza anahama.

Jina la Mama Mvuke alilipatia kazini. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la kufua nguo, lile la kona, lenye kioo kikubwa. Mbele kuna kaunta, kiti kirefu chenye mto, feni, na kengele ndogo ya mezani ambayo wateja huigonga hata kama wanakuona umekaa pale pale. Nyuma ya kaunta kuna pazia la plastiki, na nyuma ya pazia ndiko aliko yeye: mashine za kufulia upande mmoja, meza ndefu ya pasi upande wa pili, na pasi yenyewe, nzito, yenye mpira unaoleta mvuke kutoka kwenye tangi. Pasi ile ikikohoa, chumba kizima kinajaa ukungu, na mpiga pasi unamwona kuanzia kiunoni kwenda chini. Mfuaji, mzee mmoja mwenye mizaha ambaye ndiye mwenzake wa huko nyuma, ndiye aliyeanza kumwita Mama Mvuke, na jina likaganda.

Pasi aliijua, hilo halina ubishi. Koti la mtu mnene na koti la mtu mwembamba alikuwa hapigi namna moja. Marinda ya sketi aliyapanga kwa vidole kabla chuma hakijayagusa. Wateja walikuwa wakirudi kwa ajili ya mkono wake bila kujua ni mkono wa nani.

Lakini miguu! Kazi ile haina kukaa. Mishipa ilikuwa imemvimba nyuma ya magoti, na akifika nyumbani alikuwa haongei na mtu mpaka ameilaza miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Daktari alimwambia atafute kazi ya kukaa. Alilisema kwa urahisi, kana kwamba kazi za kukaa zinauzwa sokoni kwa mafungu.

Na kazi ya kukaa ilikuwepo, tena upande wa pili wa pazia. Wasichana wa kaunta alikuwa amewaona wakija na kuondoka: mmoja aliolewa, mwingine akaenda kusoma, wa mwisho kaaga juzi tu. Kila nafasi ilipotokea, Mama Mvuke aliiomba, na kila mara Madamu, mwenye duka, alikuwa na sababu mpya. Safari hii alipoomba, Madamu alimtazama kuanzia juu, na juu hapo hapo akaishia.

"Mama Mvuke, mimi sina neno na wewe," alisema. "Lakini kaunta ndiyo uso wa duka. Mteja akiingia anataka kuona mtu nadhifu. Sasa kichwa hicho, wewe mwenyewe si unakiona? Njoo Jumatatu na kichwa cha kukaa mbele, halafu tutazungumza."

Mtu mwingine angetukana. Mama Mvuke alimeza mate, kwa sababu kichwa hicho kilikuwa na kesi yake na kesi yenyewe alikuwa ameshaikubali zamani.

Nywele zake zilikuwa za dawa, zimelainishwa tangu ujana. Sasa nywele za dawa na mvuke haviishi nyumba moja: unaingia asubuhi zimelala vizuri, unatoka jioni zimejikunyata. Enzi za ujinga wake, yeye na mpiga pasi mwenzake wa wakati huo waligundua dawa ya tatizo. Si pasi hii hapa? Mmoja anainama, analaza nywele juu ya meza kama anavyolaza shati, mwenzake anafunika kitambaa, anapitisha chuma. Msusi yeyote angeona angezimia. Wao walicheka, wakajiona wavumbuzi, na kweli nywele zilinyooka mpaka zikawa zinateleza. Mpaka siku ambayo mfuaji alitoa mzaha wake mmoja, mwenzake akaangua kicheko, na pasi ikatulia mahali pamoja zaidi ya inavyotakiwa. Nywele zikabaki mezani, mwenye nywele akainuka.

Tangu hapo upande wa kushoto haukupona. Ulikuwa unaota kidogo, unakatika, unaota tena kwa mashaka. Msusi wake, mwanamke asiye na simile, alimshika kidevu akamwambia: "Dada, hizi nywele zimechoka. Pasi hapana, draya hapana, chuma cha moto hapana. Ukizitia moto mara moja nyingine, usije kwangu kusuka, njoo kunyolewa."

Ndiyo maana Mama Mvuke alitoka kwa Madamu na swali moja kichwani: kichwa cha kukaa mbele kinapatikanaje bila moto? Jibu alilipata kwa binti yake, msichana wa sekondari ambaye kwa mambo ya shule alikuwa mzito lakini kwa mambo ya nywele alikuwa profesa.

"Springi, mama," alisema binti, bila hata kuinua macho kwenye simu. "Tunazisokota mbichi, zinakauka zenyewe. Na ukiweka springi hakuna atakayejua upande upi mfupi. Zote zinaruka tu."

Basi Jumapili asubuhi kazi ikaanza. Nywele zikaoshwa, zikapakwa losheni, zikasuuzwa, zikakamuliwa kwa taulo bila kusuguliwa. Binti alitaka ziwe na unyevu tu. Zikiwa zimelowa sana, alisema, hazitakauka ndani mpaka mwaka kesho, na zikiwa kavu hazishiki umbo. Baba wa nyumba akatumwa dukani kununua mirija ya kunywea soda, kwa sababu kila fungu la nywele lilitakiwa kuzungushwa kwenye mrija wake kuanzia shinani hadi nchani. Ilikuwa kazi ya kwenda na kurudi. Akaenda, akakutana na watu, akazungumza mpira, akarudi nywele zikiwa zimeshakauka nusu na zimelazimika kunyunyiziwa maji upya. Alikuwa ameshika mirija ya karatasi.

"Baba, si nilisema ya plastiki?" binti akalalamika.

"Mwenye duka kasema hii ndiyo ya kisasa. Haichafui mazingira."

"Itachafua kichwa changu!" Mama Mvuke akasema.

"Mama watoto, mrija ni mrija. Jaribuni kwanza."

Walijaribu. Hilo ndilo kosa ambalo Mama Mvuke alijilaumu nalo siku nzima, maana aliona kwa macho yake kwamba ile ni karatasi, na yeye ni mtu wa maji na mvuke, anajua karatasi inavyofanya ikilowa. Lakini alikuwa amechoka kubishana. Walipofika nusu ya kichwa, mirija ya mwanzo ikaanza kulainika. Ya kisogoni ikapinda. Mmoja ukavunjika, na binti alipojaribu kuuchomoa ulitoka na kuacha uji wa karatasi nyeupe ndani ya nywele. Ikabidi nywele zote zifumuliwe, kichwa kichambuliwe kipande kwa kipande kama mchele wenye mawe, kisha kioshwe tena kuanzia mwanzo. Baba wa nyumba aliona hali ya hewa imebadilika, akakumbuka ana kazi nje.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi wakati wote huo, mikono kifuani, akitazama kama anayetazama mchezo alioulipia.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "enzi zetu mtu alijifunga kitambaa kichwani akaenda zake."

"Ndiyo mama," Mama Mvuke akajibu, maji yakimtiririka shingoni.

"Na kazi alipata."

"Ndiyo mama."

"Na mume alipata."

Mama Mvuke akatia kichwa ndani ya beseni ili asijibu.

Mirija ikiwa imeshindikana, binti akaja na wazo la vitambaa. Alichana shuka kuukuu vipande vyembamba, akaanza upya. Kitambaa kinashikwa shinani pamoja na fungu la nywele. Nywele zinakizunguka kushuka chini, bila kupandana, mpaka zinaisha. Kisha kitambaa kinakunjwa kurudi juu, kinazifunika zote, na kinafungwa fundo karibu na ngozi. Binti alikuwa mkali kuhusu ncha. Ncha ikibaki nje, alisema, springi nzima inaishia kama mkia wa panya. Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Upande wa kushoto, nywele fupi zilikuwa zinachomoka kila zikishikwa, na binti alilazimika kurudia fungu moja mpaka mama yake akaanza kuhesabu pumzi.

"Unavuta!"

"Sivuti, mama. Tulia."

"Mimi nimetulia tangu asubuhi! Kuna mtu aliyetulia katika nyumba hii kuliko mimi?"

Ndipo mama mkwe akainuka kochini. Aliinuka polepole, akasogea, akashika kitambaa kimoja kilichokuwa kinaning'inia sikioni kwa mke wa mwanawe, akakitazama karibu. Kilikuwa cha manjano, chenye maua.

"Hili shuka langu," akasema.

Mikono ya binti ikasimama kichwani kwa mama yake.

"Bibi," binti akasema kwa sauti ndogo, "lilikuwa kwenye matambara."

"Matambara ya nani? Lilikuwa limepumzishwa! Shuka nililopewa na marehemu babu yenu, mnalivaa kichwani!"

Mama Mvuke alitaka kulia na alitaka kucheka, na vyote viwili vilikuwa vimezuiwa, maana binti alikuwa ameshika fundo na kila kutikisika kulikuwa na adhabu yake. Aliomba msamaha kwa shingo iliyokakamaa. Alisema atanunua shuka jingine. Mama mkwe akasema marehemu hauzwi dukani. Baba wa nyumba, aliyerudi kwa kusikia kelele, akaona ni wakati wa kupatanisha.

"Jamani, akili ni nywele, kila mtu ana zake."

"Basi zangu niachie!" Mama Mvuke akafoka, na hasira yote ya mirija ikatoka hapo.

Mchana ukawa wa kukauka, na kukauka ndiko kuliko kugumu, kwa sababu hakuna cha kufanya. Kichwa kimejaa mafundo ya maua ya manjano, huwezi kulala, huwezi kutoka nje watu wakuone. Alikaa dirishani kwenye jua. Jua likaingia mawinguni. Mvua ikanyesha kidogo, ya kutia unyevu tu na kuondoka. Mume wake, ambaye kwa kweli alikuwa na moyo mzuri na ndiyo maana alikuwa anachosha, akamletea jiko lililokuwa na makaa.

"Kaa karibu, zikauke upesi."

"Moto? Neno gani nimelisema katika nyumba hii tangu asubuhi? Neno gani?"

Akaliondoa jiko. Baada ya muda akarudi amebeba feni ya chumbani, akaiweka mezani, akaielekeza kisogoni kwake, na safari hii hakusema kitu. Hilo lilikuwa jambo la kwanza la maana lililofanyika siku ile, na Mama Mvuke akamwambia hivyo. Jioni binti alifungua fundo moja la nyuma kujaribu, akakuta ndani bado kuna unyevu, akalifunga tena. Mama Mvuke alilala amekaa, mto mgongoni. Kulalia mafundo ni kama kulalia kokoto, na kila alipogeuka alijiuliza kama Madamu mwenyewe aliwahi kulala hivi kwa ajili ya kiti.

Asubuhi binti alipaka mafuta vidoleni, akafungua fundo la kwanza, akakizungusha kitambaa kurudi kilikotoka, bila kuvuta. Springi ikashuka. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, imejikunja vizuri hadi nchani, ukiivuta inanyooka, ukiiachia inaruka kurudi mahali pake. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Walipomaliza, Mama Mvuke alikwenda kwenye kioo akasimama hapo muda mrefu. Upande wa kushoto haukujulikana. Alifurahi mpaka akaona aibu ya kufurahi, mtu mzima kama yeye.

Mume wake alisimama mlangoni na kikombe cha chai akasahau kunywa. Mama mkwe alikagua kichwa kutoka kulia, akakikagua kutoka kushoto.

"Lilikuwa shuka zuri," akasema.

Binti alimsindikiza mpaka nje akimpa masharti. "Usichane. Usizishikeshike. Na maji, mama. Hizi hatukuzitia moto, zimeshikwa na maji tu, na maji ndiyo yatakayoziachia. Hata mvuke."

"Mvuke wa nini?" Mama Mvuke akasema. "Mimi leo nakaa mbele."

Dukani mfuaji alitoa kichwa kwenye pazia, akamwona, akakirudisha, akakitoa tena. "Samahani dada, duka halijafunguliwa. Oh! Ni wewe?" Madamu naye alipofika alisimama akaweka mkoba chini.

"Mama Mvuke! Umependeza. Kweli umependeza."

"Ni kichwa cha kukaa mbele, Madamu?"

"Hasa. Kaa, kaa."

Akakaa. Mto wa kile kiti ulikuwa laini kuliko alivyodhani. Alinyoosha miguu chini ya kaunta, na ule wa kulia, ambao ulikuwa haujawahi kupumzika asubuhi ya kazi, ukamshukuru papo hapo. Mteja wa kwanza alileta suruali, Mama Mvuke akamwandikia risiti. Wa pili alileta mapazia, Mama Mvuke akamwambia yatafupika kidogo yakifuliwa kwa maji ya moto, na mama yule akasema ahsante, hakuna aliyewahi kumwambia. Feni ikapuliza. Springi zikacheza begani. Mama Mvuke akawaza kwamba labda ni kweli, labda muda wote ule kilichokuwa kimepungua ni kichwa tu.

Kisha Madamu akatoka nyuma na koti la kijivu mkononi.

"Mama Mvuke, samahani. Bwana wa hili koti anakuja kulichukua mchana, na unajua alivyo. Nipigie hili moja, halafu urudi."

"Madamu, nywele. Zikipata mvuke zitaanguka."

"Si utafunika? Moja tu, mama. Nani mwingine atalipiga?"

Alisimama kwa sababu alikuwa na heshima, na heshima ina wakati wake wa kuwa ujinga. Mfuaji akamtafutia nailoni, ile ndefu ya kufunikia suti, wakamzungushia kichwani na kuifunga kwa vibanio vya nguo. Alionekana kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Akapiga koti. Kabla hajaliweka kwenye hanga, Madamu akapenyeza mkono kwenye pazia na suti. "Na hii, maana ni ya mtu yule yule." Suti ikafuatwa na gauni la harusi, maana bibi harusi anasubiri. Gauni likafuatwa na mashati ya hoteli, maana gari lao limeshafika. Chini ya nailoni jasho lilianza kushuka, na hapo ndipo alipotambua upuuzi wa mambo: nailoni ilikuwa inazuia mvuke wa nje usiingie na inauzuia wa ndani usitoke. Alisikia springi zikilegea moja baada ya nyingine, zinamgusa shingo, za baridi, zimelala.

Alipotoka nyuma na kufungua nailoni mbele ya kioo cha duka, upande wa kulia ulikuwa umenyooka na kugandana shavuni. Upande wa kushoto ulisimama kivyake, mfupi, hauelewi uende wapi. Kazi ya siku nzima ya watu watatu na shuka la marehemu.

Na kwenye kiti alikuwa amekaa mtu.

Alikuwa binti wa kaka yake Madamu, msichana ambaye Mama Mvuke alimwona mara moja moja akija kuomba hili na lile. Alikuwa anatafuna bigijii na kuchezea simu. Kichwani alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, na chini ya kofia zilikuwa zinachungulia nywele nusu zimefumuliwa, nusu bado zimesukwa.

Mama Mvuke aliitazama ile kofia kwa muda. Hasira aliyokuwa nayo kwa mume, kwa mirija, kwa mvua, kwa kila mtu tangu jana, aligundua alikuwa ameituma kwa anwani isiyo yake.

"Madamu," akaita.

Madamu akatoka ofisini. Aliona nywele, akaona anakotazama Mama Mvuke, akaanza kueleza kabla hajaulizwa. "Huyu nimemshikisha tu kwa muda, maana wewe ulikuwa—"

"Ulisema kichwa."

"Nilisema, ndiyo, lakini—"

"Nimekaa siku nzima na mafundo kichwani. Nimelala nimekaa. Nimegombana na mama mkwe, nimemfokea mume wangu. Kwa sababu ulisema kichwa. Na huyu hapa amekaa na kofia."

Msichana akaacha kutafuna. Madamu akatazama mlango, akatazama kengele, kisha akatoa pumzi ya mtu aliyechoka kutafuta sababu.

"Haya, nikwambie ukweli. Nikikuweka mbele, nyuma nitamweka nani? Hakuna anayepiga pasi kama wewe. Wateja wanakuja kwa ajili ya hiyo pasi. Ungekuwa mpiga pasi wa hivi hivi ningekuweka kaunta siku nyingi."

Alilisema kama sifa, na pengine kwake ilikuwa sifa. Mama Mvuke alihisi linamchoma kuliko ile pasi ingeweza. Miaka yote alikuwa anadhani atakapozidi kufanya vizuri ndipo atakapotolewa nyuma, na kumbe kila shati alilolipiga vizuri lilikuwa linaongeza kufuli mlangoni. Angeunguza makoti mawili matatu ujanani, saa hizi angekuwa amekaa. Alitaka kuvua aproni aende zake. Akawaza nyumbani, akawaza miguu, akaona kwamba akiondoka ataenda kusimama mahali pengine.

"Sawa," akasema. "Nyuma kuna nguo za kuchukuliwa jioni zimejaa, na mimi sizipigi."

"Mama Mvuke!"

"Nifukuze. Ukinifukuza huna mpiga pasi hata mmoja. Ukiniacha hapa kaunta, utakuwa na mmoja anayejifunza na mimi wa kumwelekeza. Pazia hili ni la plastiki, sauti yangu inapita." Akamgeukia msichana, na kwa sababu msichana hakuwa na kosa lolote, sauti ikashuka. "Mwanangu, njoo nikuonyeshe. Una miguu ya kazi hiyo. Mimi yangu imekwisha."

"Shangazi, mimi nitaungua!" msichana akalia.

Madamu alifungua mdomo. Alitazama pazia, akatazama rundo lililokuwa linaonekana nyuma yake, akapiga hesabu zake za mwenye duka, na hesabu hazikumpa njia nyingine. "Utavua kofia kwanza," akamwambia mtoto wa kaka yake. "Huko nyuma kuna joto."

Mama Mvuke alimpeleka, akamshikisha pasi, akamwonyesha pa kuweka mkono wa pili ili usiungue, akampa mashati ya hoteli ya mzigo wa jioni, ambayo hata yakiharibika kidogo hayasemi. Kisha akarudi mbele, akapanda kwenye kiti. Hakujaribu kurekebisha nywele. Zilikuwa zinamgusa shavu na aliziacha.

"Kola kwanza!" akapaza sauti kuelekea kwenye pazia. "Kola, halafu mikono! Mgongo mwisho!"

Bwana wa koti la kijivu akaingia, akagonga kengele ingawa alikuwa anatazamana naye. Mama Mvuke akamtolea koti. Bwana yule alilishika begani, akalipeleka kwenye mwanga wa kioo, akapitisha kidole kwenye ukosi. Alikuwa mtu wa kutafuta kasoro na hakuipata.

"Nimezunguka maduka yote mjini," akasema. "Huyu aliyepiga hili koti, nawaomba, msimwachie aondoke kule nyuma."

Madamu, aliyekuwa amesimama pembeni, akamtazama Mama Mvuke kwa jicho la unasikia? Nyuma ya pazia pasi ikakohoa, na msichana akapiga yowe dogo la kuogopa mvuke.

"Haondoki, bwana," Mama Mvuke akasema, akimkabidhi risiti. "Ndiyo kwanza kaanza leo." Akamwita mteja aliyefuata, bila kuinuka kitini.